Zamu ya Luul

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Sylvie Ciza hakusema uongo. Aliupanga ukweli kwa utaratibu mwingine tu, kama mtu anayepanga viti darasani ili mwalimu akalie kile kibovu.

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa chuo chake, kati ya chumba cha kupangisha na paka aliyepotea. Lilisema kwamba Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, katika ukumbi wa kanisa moja huko Selly Oak, kungekuwa na kongamano la waandishi chipukizi Walatino, yaani watu wa Amerika ya Kusini, wanaoishi Uingereza. Wangefundishwa namna ya kuchapisha. Kila mmoja angepewa dakika kumi za kukaa na mhariri ana kwa ana. Kazi zitakazopendwa zingetiwa kwenye kitabu, na kitabu kingepelekwa katika maktaba zote za mji.

Hayo ya mwisho Sylvie aliyasoma tena. Maktaba zote, pamoja na ile ya Small Heath, ambako Wasomali wa mtaa mzima hupanga foleni kutumia kompyuta.

"Weye Mulatino toka lini?" aliuliza shangazi yake, Annonciata, huku akisonga bugali. "Weye wa Uvira!"

"Tantine, nisikilize. Kifaransa kimetoka wapi?"

"Bufaransa."

"Kimetoka kwenye Kilatini. Mimi nimesoma Kifaransa tangu utotoni. Wewe kila Jumapili unaimba *Agnus Dei* mpaka majirani wanagonga ukuta. Nyumba hii yote ni ya Walatini, hatujajitangaza tu."

"Batakufukuza, mwana."

"Wakinifukuza nitarudi na sandwichi. Wamesema chakula kipo."

Annonciata alitazama dari, akamlalamikia Mungu kwa Kifaransa, kisha akaenda chumbani kumtolea koti lake la kanisani.

Ya sandwichi yalikuwa mzaha. Ya kweli yalikuwa Luul.

Walikutana katika shule ya bweni ya wasichana karibu na Nakuru. Sylvie alipelekwa pale na masista baada ya vita kuwatawanya watu wa kwao. Luul alitoka Garissa na sanduku la bati lenye kufuli mbili. Wenzao walikicheka Kiswahili cha mmoja kwa sababu ya Kongo na cha mwingine kwa sababu ya Usomali, hivyo wakaona ni busara kuchekana wao kwa wao. Muhula wa kwanza waliuvisha soksi ulimi wa kengele, shule nzima ikalala mpaka jua likachomoza, mwalimu mkuu akiwemo. Waling'oa nyasi wiki nzima kama adhabu, na kwenye zile nyasi ndipo hadithi ilipoanzia.

Ilikuwa hadithi ya mji wenye ukuta, lango moja na ufunguo mmoja. Asubuhi ya harusi yake, binti wa mlinzi wa lango aliumeza ule ufunguo. Yeye ndani, bwana harusi nje, ubwabwa unapoa. Basi kila Jumamosi, wakati wa kufua sare, mmoja alisimulia na mwingine akafua nguo za wote wawili akisikiliza. Jumamosi iliyofuata walibadilishana. Sheria ilikuwa moja: zamu ya mwenzako huigusi, hata akiugua malaria. Atakayeigusa atafua soksi za mwenzake muhula mzima. Waliiapia sheria hiyo juu ya ndara za matroni, ambazo waliziiba kwa shughuli hiyo takatifu na kuzirudisha baadaye kwa heshima zote.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa zamu ya Sylvie. Alimleta bwana harusi kutoka safari ndefu, vumbi hadi kwenye nyusi, akamsimamisha mbele ya lango, akamgongesha, akamfanya aseme, "Nimefika." Kisha akanyamaza.

Luul alimrushia povu la sabuni. "We shetani! Unamwacha huko nje?"

"Wiki ijayo ni yako. Mfungulie, usimfungulie, shauri yako."

"Utaona nitakachokufanyia. Naapa kwa ndara za matroni, utalia."

Katikati ya muhula wakaenda likizo fupi, na Luul hakurudi. Matroni alilikunja godoro lake, akalifunga kamba, akasema, "Wamehamia Uingereza. Mji unaitwa Birmingham," kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza kwamba sukari imekwisha.

Kwa hiyo, mwaka mmoja baadaye, Annonciata alipopata karatasi zake na kumvuta Sylvie aje kukaa naye, na mji wenyewe ukawa Birmingham, Sylvie hakushangaa hata kidogo. Alidhani kazi ya kumpata Luul ingemchukua wiki. Alipita duka kwa duka pale Coventry Road, barabara ya maduka ya Wasomali, mpaka akafika kwa Rahmo, muuza madira aliyewahi kuishi Mombasa.

"Luul gani?" Rahmo alimuuliza. "Luul wa nani? Mrefu? Mfupi? Mimi mama mkwe wangu ni Luul. Umchukue huyo, nitakufungia kwenye mfuko."

"Luul Abdi, Mama Rahmo. Anacheka kwa pua."

"Wallahi, hapa nikiita Luul Abdi mlangoni, basi litasimama na wote watashuka."

Na bwana harusi akaendelea kusimama nje ya lango, sasa mwaka wa tatu.

*

Mlangoni mwa ukumbi alikaa mratibu wa kongamano, Hortensia Quilodrán, Mchile mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mvulana. Alikuja Birmingham akiwa msichana, akilikimbia jeshi la kwao, akidhani anakaa miezi michache.

"Silvia!" alisema kwa furaha aliposikia jina, akiliandika kwenye beji. "Unatoka wapi, mpenzi?"

"Milimani," alisema Sylvie.

"Milima ipi?"

"Ile mirefu."

Hortensia alimuuliza jambo kwa Kihispania. Sylvie akamjibu kwa Kiingereza, kwa utulivu wa askofu, kwamba kijijini kwao watu bado wanazungumza lugha ya kale ya milimani, na Kihispania wanakisikia redioni tu.

"Ajabu," alisema Hortensia. "Hebu sema kidogo, niisikie."

Sylvie akafumba macho. "Mama, nakuomba usinifukuze. Nimetoka mbali na kuna mtu namtafuta."

Hortensia alimtazama kitambo. "Lugha nzuri," alisema, akambandika beji kifuani.

Ndani, mambo hayakwenda kama Sylvie alivyopanga. Alikuwa amekuja na mpango mdogo wa kubadilisha vibao vya vyoo. Lakini alikaa karibu na Mkolombia aliyebeba riwaya kwenye mfuko wa sokoni, na nyuma yake mama mmoja wa Ekwado alikuwa akisoma kwa sauti ya chini juu ya ua wa nyumba yao, na beseni la maji lililobaki juani siku walipoondoka. Hakuna aliyelia. Walikosoana sentensi, wakagombania koma. Lakini kila hadithi iliyosomwa ilikuwa na mlango ambao mtu aliufunga akidhani atarudi jioni. Sylvie akavisahau vibao vya vyoo.

Mhariri aliitwa Raksha, mwanamke wa Kihindi wa makamo mwenye koti la mvua asilolivua hata ndani, na kampuni ndogo ya vitabu. Zamu yake ilipofika, Sylvie aliketi mbele yake, akaweka mezani karatasi alizoziandika kwa Kiingereza, akajinong'oneza kwa ile lugha yake ya milimani: "Ee Mungu, huyu mama ana macho ya matroni."

Raksha hakuinua kichwa. "Kwani huyo matroni alikuwa mbaya sana?" aliuliza kwa Kiswahili.

Sylvie akaanza kuzikusanya karatasi zake.

"Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, mama," Raksha aliendelea. "Hortensia ameniambia juu ya hiyo milima yenu ya Walatino; iko side gani? Kakamega ama?"

"Niondoke?"

"Kaa. Dakika zako hazijaisha. Hebu simulia, na usisimulie kwa Kizungu. Kutoka asubuhi nasikia Kizungu tu, kichwa inauma."

Sylvie akasimulia. Raksha alisikiliza kama watu wa kule wanavyosikiliza, akiitikia, akiguna, akiuliza ubwabwa wote huo ulienda wapi. Binti alipoumeza ufunguo alisema, "Arre!" na watu wa meza ya pili wakageuka. Bwana harusi akafika langoni. Akagonga. Akasema, "Nimefika."

"Halafu?" aliuliza Raksha.

"Basi."

"Basi nini? Amefunguliwa?"

"Sijui."

"Utakosa kujua aje na wewe ndiye mwandishi?"

"Si zamu yangu."

Ikabidi aeleze yote: Luul, soksi, ndara, godoro lililofungwa kamba. Raksha aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Sikia, mama. Hii kitu nimeipenda. Lakini hadithi bila mwisho siwezi kuchapisha, watu watasema kurasa zimeanguka kwa mashine. Leo jioni nabeba kazi zote niende nazo. Kaa kwa ile meza ya dirishani, mfungulie huyo mtu ama mfukuze, uniletee."

"Na Luul?"

"Luul pengine amesahau," alisema Raksha. Alilisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma.

Sylvie alikaa dirishani na kalamu. Kwanza alimfungulia bwana harusi, na ilikuwa nzuri. Akaifuta, akaandika kwamba binti alikwisha kutoroka kwa ukuta wa nyuma zamani, na hiyo ikawa nzuri zaidi. Ilimtoa machozi kidogo na akajipongeza. Lakini zote mbili zilikuwa na ila moja: alizijua kabla hajaziandika. Luul hakuwahi hata Jumamosi moja kufanya alichokitarajia. Kuna wiki alimleta ngamia, ngamia akageuka kuwa wakili wa mlinzi wa lango, akashinda kesi.

Nje, garimoshi la kwenda Sutton Coldfield lilisimama stesheni, watu wakashuka na mifuko yao, likaondoka. Sylvie alijikuta akizisoma nyuso, kama alivyozisoma za kila kituo tangu afike mji huu. Kumfungulia bwana harusi hakukuwa kazi. Lakini akimfungulia yeye mwenyewe, atakuwa amekubali kwamba mle ndani hamna mtu.

Alirudi kwa Raksha wakati viti vikikusanywa. Raksha akasoma. Baada ya "Nimefika" palikuwa na mstari mmoja: *Hapa ni zamu ya Luul. Anayemjua amwambie.* Na nyuma yake karatasi tupu.

"Mimi nimekuambia nini?"

"Shikamoo," alisema Sylvie. Shule ya bweni ilimfundisha kwamba hoja zikiisha, adabu bado ipo.

"Marahaba. Usinichekeshe, niko kazini."

Hortensia alikuja na funguo za ukumbi mkononi. Akaisoma karatasi amesimama, kwa Kiingereza chake cha miaka mingi, akaisoma tena.

"Huyu mtu amesimama nje muda gani?" alimuuliza Sylvie.

"Mwaka wa tatu huu."

Hortensia alitikisa kichwa, kama mtu anayepima na kuona bado ni kidogo. "Mimi nilimwacha mtu kituo cha basi," alisema. "Nilimwambia anishikie nafasi kwenye foleni." Akamgeukia Raksha. "Iweke mwisho wa kitabu."

"Hortensia, huyu mtoto si Mlatino. Ni wa kwetu."

"Beji inasema Silvia. Mimi sibishani na beji."

Raksha alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaguna kwa Kigujarati. Kisha akazitia karatasi kwenye jalada, na ile tupu pia.

*

Kitabu kilitoka majira ya kuchipua. Annonciata alikisimamisha juu ya televisheni kando ya Biblia, na akawaambia watu wa kanisani kwamba mtoto wao ameandika kwa Kilatini. Rahmo alikiweka juu ya kaunta, na kila Luul aliyeingia kununua dira alilazimishwa kusoma ukurasa wa mwisho kabla ya kupewa bei.

Jumamosi, Sylvie huenda maktaba ya Small Heath, rafu ya pembeni mwa dirisha. Hukifungua kile kitabu mwishoni. Ule ukurasa mtupu haukukaa mtupu sana. Mtu wa kwanza aliandika: *Mwambie arudi kesho, bibi harusi anaosha nywele.* Mwingine aliandika kwamba ufunguo uliomezwa hutoka wenyewe, wasubiri tu. Mwingine aliacha simu ya fundi wa makufuli. Kuna aliyeandika mistari mirefu kwa Kisomali, Sylvie akainakili, akaipeleka kwa Rahmo akikimbia njia nzima. Ilikuwa dua ya kuwaombea wasafiri.

Na Jumamosi iliyopita kulikuwa na ngamia.

Alichorwa kwa penseli, amesimama kando ya lango, shingo ndefu, mdomo wazi kama anayetetea kesi. Sylvie alikaa sakafuni palepale. Alimtazama ngamia yule mpaka mkutubi akaja kumuuliza kama anajisikia vizuri. Ndipo akaona, chini ya kwato, herufi kubwa zilizopinda: *HAMZA, MIAKA 6*.

Basi. Mtaa huu una watoto wengi, na mtoto kuchora ngamia si jambo la kushangaza.

Aliisoma tena kila zamu iliyoandikwa pale, moja moja, kwa heshima, kama mtu anayefua nguo za wenzake akisikiliza. Hakuna aliyeapa kwa ndara za matroni. Chini ya ngamia ilikuwa imebaki nafasi, si kubwa, ila Luul alikuwa na mwandiko mdogo. Sylvie akatoa penseli mfukoni, akaichonga, akailaza katikati ya kitabu. Kisha akakirudisha rafuni, akakiacha kimechomoza kidogo kuliko vingine.