Zuio la Muda

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Tuko kumi na wawili katika chumba cha chini cha Bunge, kila mmoja na kompyuta yake, visikilizio masikioni, na mguu juu ya kanyagio la kurudisha sauti nyuma. Unapewa dakika tano za kikao, unaziandika neno kwa neno, ukimaliza unapewa nyingine tano. Wabunge wakipiga meza unaandika Makofi ndani ya mabano. Wakicheka unaandika Kicheko. Simu zinabaki kwenye makabati ya nje mpaka zamu iishe.

Muswada wa bima ya afya ya lazima tuliuandika siku tisa. Kila mtu mzima, mwenye ajira na anayejitafutia, achangie mfuko mmoja. Asiye na kadi asipewe leseni ya biashara. Mbunge mmoja mnene wa sauti alisema, “Mheshimiwa Spika, leo serikali inanilazimisha nitibiwe, kesho itanilazimisha nipone!” Nikaandika Kicheko. Mwingine, mama aliyewahi kuwa daktari, akasimama na kusema aliacha udaktari kwa kuchoka kuwaambia watu kwamba dawa ipo lakini si yao. Hapo hapakuwa na la kuandika kwa sekunde kadhaa. Nilirudisha sauti mara mbili kuhakikisha.

Sikuwa mtu wa kuegemea upande kazini, lakini siku ile muswada ulipopita nilienda chooni nikajifungia nikashukuru. Mama yangu alikuwa na figo zilizokufa. Daktari alishatuambia kwamba mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki, ndiyo itakayokuwa figo zake maisha yote. Kabla ya sheria ile alikuwa anasafishwa mara moja, au tunaruka wiki. Alipopata kadi, Jumatatu na Alhamisi zikawa zake. Miguu ikapungua uvimbe. Akaanza tena kuwaita watoto wa jirani wamwonyeshe madaftari na kuwagombeza kwa miandiko yao. Mama alifundisha darasa la nne miaka thelathini na miwili. Alipoanza tena kuwa mkali, ndipo nikajua amepata nafuu.

Mama alikuwa na ndugu mmoja tu, Mjomba, kitinda mimba aliyemlea mgongoni. Mjomba ni seremala. Ana banda lake kando ya barabara, anatengeneza milango na vitanda, na ni mtu wa maneno machache, isipokuwa ukimtajia makato ya lazima. Zamani aliajiriwa kiwanda cha samani, na kwa miaka kumi na mmoja mshahara wake ulikatwa kwa ajili ya matibabu, atake asitake. Siku mke wake alipotokwa damu wakati wa kujifungua, karani wa hospitali alipitisha kidole kwenye orodha, jina halikuwemo. Kiwanda hakikuwahi kupeleka chochote. Mjomba alisimama pale dawatini akibishana, akionyesha karatasi zake za mshahara, na huku nyuma yake, kwenye benchi, mkewe na mtoto wakaenda.

Kwa hiyo ofisa alipopita bandani kumwambia kwamba bila kadi hapati leseni, Mjomba aliweka randa chini. “Mimi nilishakatwa kwa lazima,” alisema. “Nenda makaburini ukaulize nilipata nini.”

Akatafuta wakili, msichana aliyetoka chuoni juzi juzi, aliyekubali kumtetea bure. Hoja ilikuwa kwamba Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujiunga au kutojiunga na chama au mfuko wowote, na kwamba serikali haiwezi kumnyima mtu riziki yake kwa sababu ameutumia uhuru huo.

Niligundua habari hii Jumamosi moja mchana. Nimeingia nyumbani, nawakuta wawili mezani, karatasi zimetapakaa, Mama kashika kalamu nyekundu.

“Hapa umeandika ‘kunyanganywa’,” alikuwa anasema. “Kale kamkia ka juu kako wapi? Ukipeleka hii mahakamani jaji atajua hukumaliza shule.”

“Lakini sikumaliza, dada.”

“Ndiyo, ila isionekane.”

Nikachukua karatasi moja. Hati ya kiapo. Mimi, seremala, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kusema. Nilimfuata Mama jikoni alipokwenda kuchemsha maji.

“Mama, unajua unachokisahihisha pale? Hiyo sheria anayotaka ifutwe ndiyo inayokuweka hai.”

“Najua. Mimi si mtoto.”

“Na bado unamsaidia?”

Alifunika sufuria, akanigeukia. “Ndugu yangu alisimama kwenye dawati mkewe akifa, akauliza, na hakuna aliyemjibu. Sasa kapata mahali ambapo mtu mwenye joho itabidi amjibu. Nimnyime? Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kunyoosha kidole wakiwa na swali. Atauliza, atashindwa, atatulia moyo. Kesi zenyewe huchukua miaka.”

Hivyo ndivyo alivyoamini, na hata mimi nikaamini, kwa sababu nilitaka. Hakuna kati yetu aliyejua kitu kinachoitwa zuio la muda.

Mahakama ilikaa asubuhi ya Jumanne. Jaji alisema swali la mlalamikaji ni zito, na kwamba mpaka litakaposikilizwa, utekelezaji wa sheria usimame. Sentensi moja. Nje, watu ambao Mjomba hakuwahi kuwaona walimbeba juu juu. Kesho yake alikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti, kofia imemwenda upande, mdomo wazi kama mtu anayeomba ateremshwe. Wakaanza kumwita Mzee Kifungu. Bungeni moto uliwaka upya. Upande mmoja ukasema majaji wameingia jikoni kwa watu, upande mwingine ukasema Bunge si kubwa kuliko Katiba. “Yule seremala shujaa!” alipiga kelele yule mbunge mnene wa sauti. Nikaandika seremala shujaa, nikaandika Makofi.

Alhamisi nikampeleka Mama hospitali. Kwenye mlango wa chumba cha mashine kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa plasta: kadi za mfuko hazipokelewi hadi itakapotangazwa vinginevyo. Muuguzi aliyezoea kumpokea kwa utani, “Mwalimu, leo umeleta mtihani?”, siku hiyo aliangalia viatu vyake. Tulilipa sisi wenyewe mara ile. Jumatatu iliyofuata hatukuweza.

Nilikwenda bandani. Mjomba aliponiona alizima mashine, akatabasamu, akakung’uta maranda kwenye kiti ili nikae.

“Mjomba, kadi ya Mama haifanyi kazi.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu yako.”

Nilitaka kulisema kwa upole. Nililipanga njia nzima. Lilitoka hivyo hivyo.

“Hapana,” alisema. “Mimi nimesimamisha lazima. Dada alijiandikisha kwa hiari yake. Anayetaka achangie, atibiwe, mimi sijamkataza mtu.”

“Wamesimamisha sheria yote, Mjomba. Mfuko ni wa sheria hiyo. Hakuna sheria, hakuna mfuko.”

Alikaa kwenye kile kiti alichokuwa amenisafishia. Nilipoondoka alikuwa bado amekaa, na penseli yake iko sikioni.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa wakili. Yule binti alilia kabla yake. Aliapa kwamba waliomba vifungu viwili tu visimamishwe, na mahakama ikaona haviwezi kutenganishwa na vingine. Mjomba akasema basi aiondoe kesi. Binti akamweleza kwamba kesi haikuwa yake peke yake tena. Wenye viwanda walikuwa wameungana naye, na wafanyabiashara wakubwa, na mawakili wao wenye mikoba ya ngozi.

Aliiondoa hata hivyo. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa benchi la nyuma. Alisimama na koti lake la harusi, lililombana mabegani.

“Mheshimiwa Jaji, naomba kulirudisha swali langu.”

Jaji hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani. “Unajitoa kwa hiari yako, mzee? Hakuna aliyekutisha?”

“Hakuna. Dada yangu anaumwa.”

Jina lake likaondolewa. Amri ikabaki, kwa ajili ya walalamikaji wengine. Kesi itasikilizwa baada ya wiki sita.

“Mheshimiwa, dada yangu hana wiki sita.”

“Mahakama inakuelewa, mzee wangu.”

“Sasa kama inanielewa—” Wakili alimvuta koti, akakaa.

Mjomba aliuza randa yake ya umeme, na msumeno wa mezani, na mbao zote zilizokuwa zimekauka. Mama akasafishwa mara tatu kwa fedha ya vyombo vile. Kila mara alirudi na uso wake, halafu siku mbili tatu uso unapotea tena, unavimba, macho yanakuwa madogo. Akaacha kuita watoto wa madaftari.

Mjomba alikuwa anakuja kila siku baada ya saa nne, kwa kuwa bandani hapakuwa na kazi tena. Anakaa kwenye mkeka karibu na kiti cha Mama, anamkanda miguu. Siku moja niliwasikia nikiwa mlangoni.

“Dada, nisamehe.”

“Ulikuwa na swali zuri,” Mama alisema, pumzi ikimkatika. “Mimi mwenyewe nililisahihisha. Waliolijibu vibaya ni wao.”

“Nisingeuliza.”

“Ungeendelea kulibeba mpaka lini?” Kisha akasema, “Sogea juu kidogo, hapo kwenye kifundo. Una mikono kama msasa.”

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na chupa ya maji mkononi, nikamchukia mjomba wangu, na nikamkasirikia mama yangu kwa kutomchukia.

Ilikuwa Jumatano. Bunge lilikuwa linajadili hoja ya dharura kuhusu zuio, na zamu yangu ilikuwa inakaribia kuisha. Mbunge, sitamtaja ni yupi, alisema: “Mheshimiwa Spika, wagonjwa tunawahurumia, lakini wavute subira kidogo. Katiba ikiumia haina hospitali ya kupelekwa.” Ilikuwa imesemwa vizuri. Walipiga meza sana. Niliandika Makofi, nikamaliza dakika zangu tano za mwisho, nikasahihisha nukta, nikatuma, nikaenda kabatini kuchukua simu. Mjomba alikuwa amepiga mara tisa.

“Mwanangu,” alisema nilipompigia. “Njoo nyumbani. Usikimbie.”

Nilijua kwa lile neno la mwisho. Nilitembea.

Mama alifia kwenye kiti chake, saa tisa na nusu mchana, mguu mmoja ukiwa mapajani kwa Mjomba. Alikuwa anamsimulia kitu, Mjomba akaniambia baadaye, habari za mwanafunzi fulani wa zamani, akanyamaza katikati kama anayetafuta jina.

Kwenye mazishi nilisimama upande wa pili wa kaburi. Mjomba hakuvuka kunifuata. Hatukusemezana miezi mitano.

Hukumu ilitoka ndani ya miezi hiyo. Mahakama ilisema bima ya lazima haivunji Katiba. Kifungu kimoja tu kilifutwa, kile cha kumnyima mtu leseni kwa kukosa kadi. Kesho yake karatasi ya mlango wa chumba cha mashine ikabanduliwa. Nilisikia kazini, kwenye visikilizio, kila upande ukidai umeshinda.

Wiki moja baadaye mlinzi wa lango alinipigia: kuna mzee ananisubiri. Nilimkuta Mjomba kwenye benchi la walinzi, amekonda, ana bahasha kubwa mapajani.

“Nisomee,” alisema. “Maneno yake magumu. Kwingine sina wa kumwomba.”

Ulikuwa wakati wa chakula. Ningeweza kukataa. Nilikaa, nikamsomea kurasa arobaini na tatu, nikimfafanulia pale aliponyoosha kidole. Kwenye ukurasa wa thelathini jaji aliandika kwamba mlalamikaji wa kwanza, ambaye baadaye alijitoa, alileta mbele ya mahakama swali halali.

“Halali maana yake nilikuwa sahihi?”

“Maana yake ulikuwa na haki ya kuuliza. Na kwenye leseni, ulikuwa sahihi.”

Magari ya waheshimiwa yalikuwa yanaingia, walinzi wanainua kizuizi na kukishusha.

“Na dada? Wanasemaje kuhusu dada?”

“Hatajwi, Mjomba.”

“Kurasa zote hizi?”

“Zote.”

Alizikusanya karatasi, akazigonga gonga kwenye goti mpaka kingo zikawa sawa, akazirudisha ndani ya bahasha. Alipoteza muda mrefu kuifunga. Nikaona mabega yanamtikisika, na mlinzi mmoja akageuka akatazama barabara. Sikumshika. Ila sikuinuka pia.

“Nataka nikajiandikishe,” alisema mwishowe, akijifuta kwa kiganja. “Leseni sasa nitapata hata bila kadi, hawanibani. Ndiyo maana nataka niende. Unisindikize.”

Ofisi ya mfuko iko mtaa wa tatu kutoka Bungeni. Tulipanga foleni. Karani, kijana mwenye tai, alijaza fomu bila kuinua macho: kazi, umri, mahali anapoishi.

“Mwenza?”

“Alifariki.”

“Watoto?”

“Hapana.”

“Ndugu wa karibu, wa kupigiwa simu kukitokea dharura?”

Mjomba alifungua mdomo. Niliona jina la Mama likija mpaka kwenye midomo yake, likarudi. Akaangalia kaunta. Karani akasubiri, akagonga kalamu mara mbili, na watu wa nyuma yetu wakaanza kuguna.

“Andika mpwa,” nikamwambia karani, na nikaanza kumtajia namba yangu, polepole, tarakimu moja moja, ili asikosee.