Sifuri Iliyobaki Kwenye Mstari

Papa Waziri hakuwa mtu wa kusifu ovyo, lakini siku hiyo alimvulia Bibiche kofia. Asubuhi, wakati wa majaribio, programu ya dada huyo ilikuwa ikimwaga maandishi kwenye skrini, mstari chini ya mstari, hadi mzee akashikwa na kizunguzungu. Bibiche akabadilisha maneno mawili matatu tu. Sasa skrini nzima ilikuwa na mstari mmoja uliotulia mahali pake: "Zimebaki 6940." Kisha 6939. Maneno hayakusogea, namba tu ndiyo iliyobadilika. Waziri alisema hajawahi kuona kazi safi namna hiyo, na alisema kweli.

Zilizokuwa zinahesabiwa ni siku zake. Kwa miaka kumi na tisa, kila alfajiri, alishuka bandarini kusoma ubao wa kipimo cha maji ya mto, kisha akaja ofisini kuiandika siku hiyo katika faili yake. Manahodha wa kwenda Isangi walimwuliza yeye kwanza kabla ya kupakia. Daftari zote alizotunza pia zilikuwa zimeliwa na mchwa, zikabaki zile faili peke yake, ndani ya diski kuukuu iliyokoroma kama mgonjwa. Bibiche, fundi wa kompyuta, alikuja kuzihamisha moja moja kwenye diski mpya.

Umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na ilipofika saa nane mchana jenereta ilikuwa imebakiza mafuta ya saa moja hivi. Bibiche akachukua bidoni, lile dumu la mafuta.

"Papa Waziri, naenda kutafuta mafuta. Weye angalia chiffre tu, ile namba. Kama iko inashuka, bon, acha. Kama inapanda, zima palepale, sababu disque inakuwa inarudilia kusoma, na itakufa."

"Na nikizima, itawaka tena?"

"Sijui, papa. Donc usizime bure."

Akaondoka, simu yake akaisahau mezani.

Waziri akaketi mbele ya mstari ule, akaufurahia kama mtu anayetazama mashine ya kushona ikitembea. 1003. 1002. 1001. 1000.

Halafu 9990.

Kidole chenyewe kikakimbilia kitufe cha kuzimia. Namba imepanda, na amri alipewa waziwazi. Aliyeiandika programu ni Bibiche, yeye ni nani wa kubisha? Lakini akizima na diski ikakataa kuwaka, siku zote ambazo hazijahamishwa zimekwenda na maji.

9980. 9970. 9960.

Akakunja uso. Mbona inashuka kumi kumi? Akaacha kusoma namba, akatafuta kinachosogea. Tarakimu za mbele zilisogea. Sifuri ya mwisho haikutikisika hata kidogo.

Mto ukishuka, huacha utepe wa tope bichi juu ya ubao, na wageni husoma tope wakidhani ndiyo maji. Mwenye kazi yake huangalia pale panapocheza. Waziri aliwahi kuwafundisha hilo wahandisi wenye shahada. Sifuri ile ilikuwa tope tu, ilibaki kutoka ile elfu moja, hakuna aliyeipangusa. Maji yenyewe yalikuwa 996.

Akaondoa kidole. Aliogopa, aliogopa sana, akaikalia mikono yake isije ikamsaliti. Dakika zikapita, nyingi. Ikaja 1000 nyingine, akasoma mia moja. Ikaja 9900, akasoma tisini na tisa. Ikaja 9000, akasoma tisa.

Bibiche aliingia na bidoni mkononi akihema, akakuta sifuri nne kwenye skrini.

"Papa, hii ni nini?"

Waziri akamweleza yote, tangu ile 9990. Bibiche akajishika mdomo.

"Nilisahau kufuta chiffre ya zamani kabla ya kuandika mupya. Chiffre ikiwa mufupi, mukia ya ile ya zamani inabaki. Kosa ni yangu. Lakini ulipashwa kuzima, papa, nilikuambia."

"Uliniambia nizime kama inapanda. Haikupanda, mama. Maji ilikuwa inashuka."

Bibiche akaikagua nakala: siku zote 6940 zilikuwamo. Kisha, ili kuhakikisha, akaizima diski kuukuu na kuiwasha tena. Ikagonga mara mbili, ikanyamaza. Akajaribu mara ya pili, ya tatu. Kimya.

Angeizima kwenye ile 9990, siku 999 zingekufa nayo. Waziri, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, akalia bila kujificha. Bibiche alimwacha alie. Akafungua programu yake pale penye kosa, akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Kaa hapa, papa," akasema. "Mimi nitaandika. Weye utasoma."