Nyonga ya Namba Kumi na Tisa

Jicho alishtuka mpaka akasukuma kiti nyuma. Miaka kumi na mmoja anasoma picha za mifupa, hajapata kuona nyonga ya namna ile kwa mtu aliye chini ya miaka hamsini. Mfupa ulikuwa matundu matupu kama mkate uliozidi hamira, na nyama ya paja imesinyaa. Alifuta miwani, akatazama tena. Nyonga ikawa ile ile.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa safari za anga. Huko juu mwili hauna uzito, mifupa na misuli hukosa kazi, na kisicho na kazi huliwa. Ndipo kituo cha utafiti, ili kuiga hali hiyo, kikawalaza watu kumi na wawili kwa siku sitini, miguu imeinuka kidogo kuliko kichwa, kula hapo, kuoga hapo. Wengine kumi na wawili waliendelea na maisha yao, wawe wa kulinganishia. Kila akipita mlangoni Jicho aliwatania waliolala kwamba wao ni wavivu wa kitaalamu. Picha za wote ishirini na wanne alizisoma kwa mpigo mwishoni, namba tupu bila majina, asije akampendelea mtu. Nani ana namba gani, alijua nesi peke yake.

Sasa hii kumi na tisa! Nyonga alizozikisia kuwa za waliolala wengine zilipungua kidogo tu, kama ilivyotarajiwa. Huyu alikuwa anakwisha. Jicho alimkumbuka mama yake, aliyevunjika nyonga mwaka jana kwa kuinama tu kuokota beseni, na hasira zikampanda. Nani alimwacha mtu huyu mpaka akafika hapa? Akaandika kwa herufi kubwa: asimamishwe taratibu, asibebe kitu kizito, asikimbie ngazi, ndugu zake waarifiwe leo hii. Kisha akashuka kwa profesa aliyesimamia utafiti, ngazi mbili mbili.

Profesa alisoma karatasi, uso ukambadilika, akamwita nesi aje na orodha. Nesi akaiangalia orodha, akamwangalia Jicho, akairudia orodha.

"Kumi na tisa hakulala," alisema. "Ni wa kutembea."

Jicho akabisha. Alisema haiwezekani, orodha imechanganywa, na wala wasisingizie miale ya picha, maana ile ni midogo mno kumfanya mtu hivyo. Nesi alimwacha amalize.

"Dada, yule dereva wa kundi la kutembea alipojitoa wiki ya kwanza, nani aliniambia, 'Niandike mimi mahali pake, mimi mzima kama chuma'?"

Nyani haoni kundule, lakini huyu alikuwa amelikodolea macho saa nzima na kulionea huruma.

Profesa alitoa fomu ya Jicho kwenye faili. Palipoulizwa dawa anazotumia, Jicho mwenyewe alikuwa ameandika: Hakuna.

"Na vile vidonge vyako vya pumu?" profesa akauliza kwa upole.

Loo, vidonge! Daktari alimpa vya wiki moja. Vikamkalia vizuri kifuani, akawa anajinunulia mwenyewe, kimoja kila asubuhi, mwaka wa tisa huu. Kwake havikuwa dawa tena, vilikuwa sehemu ya kunawa uso. Na alijua, tena alijua kuliko wote mle ndani, kwamba vidonge vya aina ile vikizoeleka hula mfupa na misuli. Aliwafundisha wanafunzi hivyo kila mwaka. Alijua kwa kila mtu isipokuwa yeye.

"Usiviache ghafla, mwanangu," profesa alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda pamoja kwa daktari."

Karatasi yake ilikuwa bado mezani, mwandiko wake mwenyewe. Ndugu zake waarifiwe leo hii. Ndugu aliyekuwa naye ni mama tu. Alishika ukingo wa meza, akaketi polepole kama anayekalia mayai, akapiga simu.

Mama hakumpa nafasi. Alisema gesi imeisha tangu asubuhi, kwa hiyo akirudi apitie mtungi mwingine, ampandishie ghorofani kama siku zote, maana yeye na nyonga yake hii atafanyaje?

"Mama," Jicho alisema, "sitaweza kuubeba."

Mama akaiacha habari ya gesi, akauliza, taratibu sana, "Umevunjika wapi?"

"Bado, Mama," akajibu. "Bado."