Nani Aingie Kwenye Mkunjo

Katika sherehe nzima ng'ombe wa mahari alitazama kamera mara moja tu, na picha hiyo moja ndiyo Papa Sebahire wa Kirolirwe aliyoamuru ijaze kurasa mbili zinazotazamana za kitabu cha picha za arusi ya bintiye Josiane. Falone, mdogo wake bibi-arusi, alikuwa akipanga kurasa kwenye kompyuta. Jioni hiyo faili ilitakiwa kufika kwa wachapaji Goma. Kitabu kingekwenda Walikale, na wakwe walioshindwa kusafiri wangemjua Papa Sebahire kwa picha hiyo.

Falone alichapa jaribio kwenye karatasi za kawaida, akalikunja, akapunguza kingo kwa mkasi kama mashine ya wachapaji itakavyofanya, kisha akalifungua mbele ya baba yake kwa heshima ya askofu.

"Pua yangu iko wapi?"

"Imeingia mu mukunjo, Papa."

Ni kweli. Kushoto alisimama ng'ombe, mzima. Kulia Mama Adelaïde, nyanya yake bwana-arusi, ameshika kamba. Katikati palibaki koti jipya na masikio mawili yaliyokaribiana mno.

"Sukuma picha kushoto."

Falone akasukuma, akachapa, akakata. Mkia ukaanguka sakafuni.

"Ng'ombe bila mukia! Batasema tulipokea kilema. Sukuma kulia."

Safari hii mkasi ulimpitia Mama Adelaïde. Kamba ikabaki hewani, kana kwamba ng'ombe alijileta mwenyewe.

"Papa, tuiweke ndogo, ku ukurasa moja?"

"Ndogo? Batu ya pori batoke Walikale, bavuke matope yote ile, batafute ng'ombe kwa batu ya ng'ombe, halafu weye umugeuze mbuzi?"

Papa Sebahire alizishika karatasi zote tatu, akazitazama moja moja. Falone alishaandaa utani wa kuwapelekea wenzake wa bweni.

"Nikunje mimi," mzee akasema.

"Papa?"

"Mimi nitaenda Walikale, banione. Ile mama alishika kamba ya ng'ombe mara moja mu maisha yake."

Utani ulimkauka Falone mdomoni. Akairudisha picha katikati, polepole, kama anayemlaza mtu.

"Kofia yangu itaonekana?"

"Nusu, Papa."

"Upande gani?"

"Ya ng'ombe."

"Iko muzuri. Tuma."

Akasimama wima nyuma ya kiti cha bintiye, mikono mgongoni, kama mtu anayezinduliwa sanamu, mpaka faili ilipomaliza kwenda.