Roshani ya Bwana Chokaa

Mimi ni mwana wa mwashi aliyejenga shule na zahanati ambazo hadi leo zimesimama, mjukuu wa seremala ambaye milango yake haikuhitaji kusukumwa mara mbili, na kitukuu wa mchimba visima ambaye hakumruhusu mtu ashuke shimoni kabla hajashuka yeye mwenyewe. Katika ukoo wetu hakuna aliyepata kuikimbia kazi yake ilipoharibika. Nayasema hayo ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani anayesimulia.

Mjukuu wangu wa kike, mshonaji, alipanga chumba cha juu katika nyumba ya ghorofa. Vyumba vyote vya juu vilifunguka kwenye roshani moja ndefu, yenye kizuizi cha chuma kilicholiwa na kutu hata ukikishika kinakuachia unga mwekundu kiganjani. Sakafu yake ilikuwa na ufa. Wapangaji walilalamika, mwenye nyumba akamtuma fundi rangi. Walilalamika tena, fundi rangi akarudi. Ndipo wakampachika mwenye nyumba jina la Bwana Chokaa. Kaka yake binti, mjukuu wangu wa kiume, mchomeleaji, alijitolea kukichomelea kizuizi kile bure, akajibiwa kwamba nyumba ya mtu haiguswi.

Asubuhi moja binti alitoka kukung'uta kitambaa. Kiuno chake kiligusa chuma, chuma kikakatika, naye akaangukia sakafu ya kufulia nguo. Taya lilivunjika, nyonga ikapasuka, na mfupa wa paja ukatoboa ngozi ukachungulia nje. Nilimkuta hospitalini taya limefungwa kwa waya. Hakuweza kusema neno. Alinishika kidole, akakiminya kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Kesho yake nilikwenda na kaka yake kukusanya vitu vyake. Tulimkuta Bwana Chokaa kwenye roshani pamoja na fundi wake, ndoo ya chokaa miguuni. Damu ya binti ilikuwa haijaoshwa kule chini, naye alikuwa akielekeza mahali pa kuanza kupaka. Aliniamkia kwa adabu, akanipa pole, kisha akaongeza kwamba mabinti wa siku hizi hawana utulivu, hata kitambaa wanakikung'uta kama wanapigana nacho.

Mjukuu wangu mchomeleaji akamkaba shati. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Ya pili ilimvunja pua, na mlio wake niliusikia. Fundi rangi akaruka ndoo akatokomea. Nilimwamuru mjukuu amwachie, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunitii. Wapangaji wakaanza kutoka vyumbani, mmoja na mwiko, mwingine na pasi ya mkaa. Muuza maji, mama wa makamo mwenye ulimi mkali, alimmwagia Bwana Chokaa ile ndoo kichwani, akisema leo apakwe yeye, tuone kama nyufa zake zitaziba. Watu wakacheka kicheko kisicho na furaha hata chembe. Kisha wakaanza kumburura kuelekea pale kizuizi kilipokatika.

Mimi nilikuwa kizingitini mwa chumba cha binti. Niliwapigia kelele kwamba sakafu ile haiwezi kuwabeba wote. Nani amsikilize mzee, na damu zimewapanda? Ufa ulifunguka kutoka ukutani hadi ukingoni, na roshani ikaondoka chini ya miguu yao na watu wote waliokuwa juu yake.

Nilitokea mlango wa nyuma wa chumba, nikashuka kwa ngazi ya nyuma. Muuza maji alikuwa ameketi, ameishikilia kwa mikono miwili ngozi ya kichwa chake iliyobanduka. Dereva wa lori aliyepanga chumba cha mwisho alilala kimya, shingo imegeukia kusikowezekana. Bwana Chokaa alikuwa chali, mguu umesagwa chini ya bamba la zege, mweupe kwa chokaa na mwekundu kwa damu. Juu yake alisimama mjukuu wangu, mkono mmoja ukining'inia umevunjika, wa pili umeinua nondo.

"Mmalize," muuza maji akasema. "Hapa hakuna aliyeona kitu."

"Babu, usinizuie."

"Sikuzuii. Ila ukimpiga, kesho ataitwa marehemu. Watamwombea, watasema alikuwa mtu wa watu. Mimi simtaki marehemu, mjukuu wangu. Namtaka mshtakiwa."

Alishusha mkono. Kisha akaichomeka nondo chini ya zege, akaikandamiza kwa mkono mmoja huku akilia, nasi tuliobakiwa na nguvu tukainua. Bwana Chokaa alipotolewa, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni nani aliyewaruhusu kupanda wengi kiasi kile.

Huo ndio ukawa utetezi wake mahakamani. Wakili alidai kwamba roshani iliangushwa na ugomvi wa wapangaji, na kwa kweli zile ngumi zilimpa la kusema. Lakini binti aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Mimi nilianguka siku moja kabla yao. Nilikuwa peke yangu, sikugombana na mtu. Nilikuwa nakung'uta kitambaa."

Wakili akaketi.

Bwana Chokaa alifungwa. Mjukuu wangu naye alifungwa kwa kujeruhi, muda mfupi kuliko wa yule, nami sikumwombea apunguziwe. Nilimpelekea sabuni na nguo za kubadili. Dereva tulimzika.

Nanyi vijana, nawataka mnisikie vizuri. Chuma kikitikisika mnakoishi, semeni siku hiyohiyo, semeni wote kwa pamoja, mbele ya mwenye mamlaka, na msinyamazishwe kwa rangi. Mkidhulumiwa, zuieni mikono yenu, maana mdhalimu hungoja tu mumpe sababu. Na siku nanyi mtakapokuwa na nyumba za kupangisha, lazeni humo watoto wenu kwanza, ndipo muwakabidhi watu ufunguo.