Zege la Wageni

Siku ya kwanza Marion Awino alipewa kofia ngumu. Siku ya pili akapewa sufuria.

"Siz, wewe ni nyar Asumbi," Injinia Tony alimwambia, akimaanisha binti wa huko. "Hutashindwa na chai ya watu kumi na wanne."

Marion alidhani ni mzaha. Alikuwa mwaka wa nne wa uhandisi wa ujenzi, amekesha na hesabu za mihimili mpaka macho yakatoka kama ya omena, wale dagaa wa ziwani, na chuo kilikuwa kimemtuma Sindo kwa mafunzo ya kazini ya wiki kumi na mbili. Hapo lilikuwa likijengwa tangi kubwa la maji, lisimame juu ya nguzo sita, ubavuni mwa soko. Lakini mzaha gani huo unaorudi kila siku saa nne asubuhi? Kufika wiki ya tatu alijua nani anataka sukari mbili na tumbo la nani halipatani na tangawizi, na kipimo pekee alichokuwa ameshika ni kijiko.

Akilalamika, wanaume wanacheka. Akinyamaza, wanasema amezoea. Hasira ikamkaa kifuani kama tonge la ugali lililomezwa bila mchuzi, halipandi, halishuki.

Na angefanya nini, wakati kulikuwa na kile kitabu? Kila siku mwanafunzi anaandika kazi aliyofanya, na kila Ijumaa msimamizi wake anatia sahihi. Wiki moja tu ikikosa sahihi, chuo hakiyahesabu mafunzo yote, na wenzako wanamaliza masomo wewe ukingoja mwaka mzima kuanza upya. Tony alilijua jambo hilo kuliko alivyojua ujenzi. Kitabu cha Marion alikiweka ndani ya pikapu yake, mbele ya usukani, kikikaangwa na jua.

"Andika ulipima usawa wa msingi," anamwambia Ijumaa ikifika.

"Lakini sikupima, Injinia. Nilipika."

"Sasa nani ataandika chai kwa kitabu ya chuo? Andika, madam."

Anaandika. Kila herufi inamkwaruza.

Wiki ya tisa zikafikiwa nguzo. Siku ya kumwaga zege kuna desturi isiyorukwa: sehemu ya zege lile lile la nguzo hutiwa kwenye kalibu sita za chuma, kila moja kama nusu futi kwa nusu futi. Likiganda hutoka vipande vya mchemraba, mafundi huviita kyubu. Kyubu huloweshwa majini, halafu hupelekwa maabara mjini Migori, zikaminywe kwa mashine mpaka zipasuke. Zikikaza, nguzo ni nzima. Zikipasuka mapema, nguzo ishuke, ibomolewe.

Asubuhi hiyo mashine ya kuchanganyia, mikisa, haijawashwa bado, Marion akamkuta Mirumbe pembeni akichanganya zege kidogo kwenye karai. Mirumbe ndiye aliyekuwa nyapara, mzee wa Ntimaru mwenye viganja kama majembe. Saruji tele, kokoto zimeoshwa. Akajaza kalibu zote sita na kuzisawazisha juu kama keki ya harusi.

"Mzee, hilo ni la nguzo gani?"

"Hilo si la nguzo, msichana wangu. Hilo ni la wageni." Mirumbe akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kwenu hamna vikombe vya kabatini? Mgeni akija vinatoka. Nyinyi wa nyumbani mnakunywa na vya plastiki. Basi maabara ni mgeni."

"Na nguzo?"

"Nguzo ni mtu wa nyumbani."

Mikisa ikawashwa. Saruji mfuko mmoja, mchanga wilibaro juu ya wilibaro, maji ya mpira yakimwagika bila mtu wa kuyafunga, mpaka zege likatiririka kama uji wa mgonjwa. Na huo uji ndio ungebeba lita elfu hamsini juu ya vichwa vya kina mama wauza omena pale sokoni!

Marion akaenda kwa Tony. "Injinia, maji yamezidi. Na zile kyubu hazikutoka kwa mikisa."

Tony hakuinua uso kwenye simu. "Umejenga nyumba ngapi, wewe?"

"Hata moja."

"Hata choo cha kuku hujajenga." Mafundi wakaangua kicheko. Tony akatoa fomu ya maabara na kile kitabu. "Kwa vile unapenda kyubu, chukua kazi. Andika hapa: zege limechotwa kwenye mikisa, nguzo ya nne, na Marion Awino. Andika na kwa kitabu yako. Siku mtu akiuliza, jina ni lako."

"Nikikataa?"

"Utaanza upya mwaka ujao. Site ya mtu mwingine."

Akaandika. Tony akatia sahihi zote mbili papo hapo, kwa madoido, mkia wa herufi ya mwisho ukavuka mstari. "Sasa zifunike na magunia. Kesho uzitoe, uziloweke kwa pipa. Kufunika na maji ni kazi ya wamama."

Basi hivyo ndivyo kyubu zilivyoachwa mikononi mwake peke yake. Yawa! Mtu akikudharau sana, hata funguo husahau kukunyang'anya.

Wanaume wote walipopanda jukwaani kushindilia nguzo ya nne, Marion alizipindua kalibu, lile zege tamu la wageni likawa sakafu ya jiko lake. Kisha akaenda na karai kwa mwendesha mikisa.

"Unaenda kuipika?" kijana akamtania.

"Ndiyo. Leo mtakula zege."

Akajaza tabaka tatu kwa kila kalibu, na kila tabaka akalichoma kwa nondo mara thelathini na tano, kama alivyofundishwa. Alichoma akiuma meno. Kesho yake akazitoa, akaziloweka kwenye pipa, na siku ya saba zikapelekwa Migori.

Siku ya nane, Tony akiwa bado anasubiri majibu matamu, aliingia Mzee Hemed, mkaguzi aliyeajiriwa na kamati ya maji, karatasi ya maabara mkononi. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja nguzo ya nne na nyundo ndogo, akapiga mara mbili. Ikabanduka kama gamba la mhogo.

"Kyubu zimepasuka kama biskuti," alisema. "Nguzo zote sita ni za zege hilo hilo. Zishuke."

Tony akamgeukia nyapara wake. "Mirumbe! Umefanya nini?"

"Mimi? Naapa, Injinia, mimi niliweka la wageni!"

"La wageni ni lipi?" Hemed akauliza.

Mirumbe akafumba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Tony akamtazama Marion.

"Ni wewe."

"Nimefanya ulichoniandikisha. Zege limechotwa kwenye mikisa, nguzo ya nne. Umetia sahihi mwenyewe."

Tony akachukua kitabu kwenye pikapu, akakirusha vumbini miguuni pa Marion. "Hakitaona kalamu yangu tena. Enda uwaambie chuo."

Wiki tatu zilikuwa zimebaki bila sahihi. Marion akamtazama Hemed.

"Mwanangu, mimi si msimamizi wako," mzee alisema polepole. "Barua nitakuandikia. Kama wataikubali, sijui."

Hakujua. Naye Marion hakujua. Mwaka mzima ulikuwa umelala pale vumbini, na wanaume kumi na wanne wakimwangalia, wengine kwa chuki, maana walimwona ndiye aliyewaharibia kazi. Walingoja alie. Akaokota kitabu, akakipangusa kwa sketi, akakiingiza kifuani. Halafu akanyoosha mkono, akaitwaa nyundo ya Hemed.

"Unaenda wapi na hiyo?" Tony akafoka.

"Nguzo ya nne imeandikwa jina langu."

Akapiga. Akapiga tena, akilia sasa na akitukana kwa Dholuo maneno ambayo mama yake hakumfundisha, mpaka nondo ikachungulia ndani kama mfupa. Akasimama, akaitazama nyundo kiganjani, akamgeukia Mirumbe.

"Hii ni ndogo," alisema. "Mko na kubwa?"