Wageni Waliokalia Dhahabu

Usiku wa kuamkia leo niliota niko ndani ya damu ya wifi yangu Mashavu, nimeketi juu ya kipunje cha dhahabu, na mwenyeji wa hapo ni mimi.

Mashavu ni dada wa marehemu mume wangu. Ana uvimbe kwenye ini, nami ndiye ninayemuuguza. Nalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake hospitalini. Daktari alishatueleza kwamba dawa yake ni nyuzi ndogo mno, za asili ile ile ya vinasaba vyetu, nazo zinabebwa na vipunje vya dhahabu. Dhahabu ikifika kwenye uvimbe, nyuzi zishuke. Zisiposhuka, dawa imepita bure, na nyingine hana.

Basi ndotoni nyuzi zinapiga hodi. Nazikaribisha. Kila mgeni ana mguu mmoja tu. Anaukita kwenye dhahabu, halafu anajilaza kwa urefu wake wote, nafasi ya watu kumi imekwisha. Wengine wakija wanasukumana, maana wote wana hasira ya namna moja.

Nanyunyiza chumvi, kidogo kidogo. Hasira zinapoa. Wanasogeleana, na kwa kubanana wanasimama wima, bega kwa bega, kama safu ya sala.

"Chumvi usiizidishe, mama," dhahabu inaniambia. "Ikizidi, vipunje tutagandana sisi kwa sisi, tugeuke buluu, tuzame."

Naiambia nimesikia.

Mara tumo ndani ya uvimbe. Ni ukumbi wa giza, una joto. Najua hapa ndipo pa kushuka, ila ulimi ni mzito. Nilikolelewa, mwenyeji hamwambii mgeni aondoke, hata akae mpaka mkeka uchakae. Nafanya ninachokijua: naleta uji, nawauliza habari za walikotoka. Wanakunywa, wanasifu, wanazidi kuukita mguu.

Sauti ya Mashavu inatoka ukutani, kwa kuwa ukuta ni yeye.

"Wifi, wewe na ukarimu wako. Kaka yangu alilala na njaa kwa ajili ya wageni wako. Sasa na mimi nife ili wao wanywe uji?"

"Nitawaambiaje watoke?"

"Usiwaambie. Karibisha na wengine."

Nafungua mlango. Nje wamejaa viumbe wafupi, wenyeji wa humo humo mwilini, wananuka mayai viza. Wanatoa salamu kwa adabu. Nao wana mguu mmoja, sawa kabisa na ule wa nyuzi. Nawaambia karibuni, dhahabu ni yenu.

Wa kwanza anapenya palipo na upenyo. "Samahani, tusogee kidogo." Uzi unasogea. Wa pili naye, samahani, tusogee kidogo. Hakuna anayegomba. Wanaingia tu, wanaomba radhi, wanabana, mpaka uzi mrefu kuliko zote unakosa pa kukanyaga. Unauinua mguu wake, unanitazama.

"Hukutufukuza," unasema.

"Sikuwafukuza."

"Basi tuagane, mama."

Naupa mkono. Unashuka, na zilizobaki zinaufuata taratibu, kama watu wanaotoka mazikoni, zinapotelea gizani mwa uvimbe. Nami nabaki juu ya dhahabu na wale wafupi, nawaombea dua walioondoka, kwa kuwa najua hawarudi.

Nikaamka. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaishia. Mashavu alikuwa ameketi kitandani, amejiziba pua kwa ncha ya kanga yake. Akaniuliza nimemlisha nini usiku. Nikamwambia hajala kitu tangu jana asubuhi, daktari alikataza, na yeye mwenyewe alinisuta mchana kutwa kwa kumnyima hata chai.

"Basi mbona nacheua mayai viza?"

Nilimsogezea beseni, nikaenda kutawadha.